Biskuti ya Shira Kutoka Gouda

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, kabla ya chai)



Wageni wetu kutoka Uholanzi mara nyingi hutuletea pakiti ya biskuti nyembamba za duara, zenye alama za vyumba vidogo kama sega la nyuki. Kwao huitwa stroopwafel. Akina mama wameniuliza kama ni chakula cha kumpa mtoto. Swali zuri, mimi nilikuwa nakula tu.

Chimbuko lake ni mji wa Gouda, uleule wa jibini, miaka 200 hivi iliyopita. Husimuliwa kwamba waoka mikate walikusanya chenga na mabaki, wakayachanganya na shira ili yasitupwe, na wanunuzi wakawa watu wa kipato kidogo. Siku hizi hutumika unga wa ngano, siagi, sukari, mayai na hamira. Donge hubanwa kati ya vyuma viwili vya moto, kisha biskuti hupasuliwa ingali moto, hupakwa shira yenye siagi na mdalasini, na kufunikwa tena. Ukiiacha ikapoa kabla ya kuipasua, inavunjika. Waholanzi huiweka juu ya kikombe cha chai ya moto mpaka shira ilainike.

Utamu huo una historia chungu. Sehemu ya sukari iliyosafishwa Uholanzi zama zile ilitoka mashamba ya Suriname, kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Utumwa ulifutwa huko tarehe 1 Julai 1863, lakini wengi walilazimishwa kubaki mashambani miaka 10 zaidi. Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi mwaka 2023.

Sasa lishe. Biskuti moja ya gramu 30 ina takriban kalori 135 na sukari gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Protini ni kama gramu 1 tu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa ikiwezekana isifike asilimia 5 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Biskuti mbili, na chai yetu ya vijiko viwili, tayari ni 28! Kwa hiyo mama, mtoto wako bado anahitaji uji wake na yai lake. Hii aionje tu.

Pakiti ya leo ina biskuti 10, nasi tuko 38. Tutazikata vipande vinne vinne, na mama zetu wa jikoni, chai naomba ije bila sukari.