Birmingham: Sikukuu Moja, Siku Mbili

Wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua vyema ubishi wa mwezi. Nyumba moja husherehekea Idi leo, ya jirani ikangoja kesho, kwa kuwa huyu ameufuata mwezi ulioonekana Saudi Arabia na yule ametaka uandame kwao. Ubishi wa jamaa hiyo hubisha hodi pia katika nyumba za Kiyahudi mjini Birmingham, katikati ya Uingereza, pale ndugu wanapowasili kutoka Israel kuja kula Pasaka.

Hapo kale, mwezi mpya ulitangazwa Jerusalem baada ya mashahidi kuuona. Habari ilisafirishwa kwa mioto iliyowashwa vilimani, na wapinzani walipoanza kuwasha mioto ya uongo, wakatumwa wajumbe. Wayahudi waliokaa mbali hawakuwa na hakika kwamba mjumbe angewahi, wakaongeza siku moja ya tahadhari. Baadaye kalenda ya hesabu ilishika nafasi ya mashahidi, lakini siku ile haikufutwa. Ndiyo maana Pasaka huchukua siku 7 nchini Israel na siku 8 kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi walio nje. Mlo mtukufu wa Seder, unaosimulia kutoka utumwani Misri, huliwa usiku mmoja kule na usiku mbili huku.

Mgeni na mwenyeji

Mwenyeji wa Birmingham huanza maandalizi mapema. Kila chembe ya chachu huondolewa nyumbani, na vyombo vya mwaka mzima hufungiwa kabatini. Kundi la Wayahudi hapa ni dogo: sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu zaidi kidogo ya 2,200 katika mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Mgeni anayeijaza meza ni neema.

Usiku wa kwanza wote huketi pamoja, kitabu cha Hagada mkononi, wakila mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Tofauti hujitokeza jua la kesho yake linapotua. Kwa mama aliyetoka Haifa, siku takatifu imekwisha. Kwa mwanawe, mkazi wa Birmingham, nyingine imeanza. Mwana haruhusiwi kuwasha taa wala kuendesha gari. Mama, kwa rai ya marabi wengi, hafungwi na siku hiyo, ila hatakiwi kufanya hadharani kazi ambayo wenyeji wake wameiacha. Basi huketi tena mezani, akasikiliza kisa alichokisoma jana, simu yake ikiwa imezimwa chumbani.

Hiyo ni adabu. Lakini kuna jambo zito zaidi. Sheria haitazami tu mtu alikotoka. Hutazama nia yake. Aliyeondoka Israel kwa masomo au kazi, akiwa na azma ya kurudi, huhesabu siku kama watu wa Israel. Aliyehamia moja kwa moja huhesabu kama wenyeji wa ughaibuni. Mama anapomwona mwanawe akitandika meza kwa usiku wa pili, huwa amejibiwa swali ambalo huenda hakuthubutu kuliuliza: mwanangu, utarudi? Mzazi wa Tanga au Kisumu mwenye mtoto Ulaya hahitaji kuelezwa uzito wake.

Birmingham na Afrika Mashariki

Mji huu wenyewe umewahi kuguswa na suala la makazi ya Wayahudi. Sinagogi lake kuu la Singers Hill lilifunguliwa mwaka 1856. Joseph Chamberlain, aliyekuwa Meya wa Birmingham kuanzia 1873 hadi 1876, ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Makoloni, na mwaka 1903 serikali yake ikawapa Wazayuni fursa ya kuishi katika nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo zimo Kenya. Wenyeji wa nyanda hizo hawakuulizwa. Mkutano Mkuu wa Wazayuni uliikataa fursa hiyo mwaka 1905.

Hata hivyo, Pasaka ilipata mizizi yake Afrika Mashariki. Karibu na Mbale, Uganda, Semei Kakungulu aliingia dini hiyo na wafuasi wake mwaka 1919, wakaitwa Abayudaya. Idi Amin aliipiga marufuku ibada yao, nao wakasali kwa siri. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, mbele ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, jua la siku hiyo lilitua Pasaka ikianza.

Kwa watu wa namna hiyo, kisa cha kutoka utumwani hakikuwa cha kale. Na kwa familia iliyotawanyika, kukisoma mara mbili si hasara. Usiku wa kwanza ni wajibu wa wote. Wa pili, mgeni huketi kwa hiari, kwa sababu ya mtu aliye upande wa pili wa meza.