Kipaji, Tabia na Nafasi: Mchezaji wa Shule Apimwe Vipi?



Msimu wa michezo ya shule za sekondari unapofika, viwanja hujaa mashabiki kuanzia Masinga na Yatta hadi Mwala na Mavoko. Kando ya mstari husimama pia wanaosaka wachezaji: makocha wa klabu, walimu wa shule nyingine na mawakala. Neno lao laweza kumpa kijana karo au klabu, au kumrudisha nyumbani akiwa amekata tamaa. Uamuzi mzito kama huo haufai kutegemea mechi moja.

La kwanza ni kipaji. Wengi hudanganywa na umbo. Katika timu ya watoto wa miaka 15, aliyebalehe mapema huwashinda wenzake kwa mbio na nguvu, lakini baada ya miaka michache wenzake humfikia. Kwa hiyo, tazameni yasiyotegemea ukubwa wa mwili. Je, mchezaji huangalia huku na huku kabla mpira haujamfikia? Akiupokea, unatulia? Akibanwa na wapinzani wawili, hutafuta njia au huubutua tu? Mwoneni katika mechi tatu au zaidi, mojawapo ikiwa ile ambayo timu yake inalemewa.

La pili ni tabia. Hii huonekana zaidi mchezaji anapokuwa hana mpira. Akipokonywa, hurudi kukaba au hushika kiuno? Akitolewa, huwashangilia wenzake au hurusha jezi? Mwulizeni mwalimu wa darasa pia. Michael Olunga, aliyesoma Shule ya Upper Hill jijini Nairobi, aliendelea na masomo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza soka. Mwaka wa 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani akiichezea Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Kitabu hakikumpunguzia mabao.

La tatu ni nafasi. Shuleni, mwenye kipaji husukumwa mbele kwa kuwa timu inataka mabao, na asiyetakikana kwingine huwekwa langoni. Yote mawili ni makosa. Gareth Bale alianza kama beki wa kushoto kabla ya Tottenham kumsogeza mbele, na mwaka wa 2013 akanunuliwa na Real Madrid. Kuhusu lango, wakazi wa Machakos wanakumbuka Desemba 2017 katika Uwanja wa Kenyatta. Kenya ilitoka sare ya 2-2 na Zanzibar katika fainali ya CECAFA, kisha mlinda lango Patrick Matasi akapangua penalti tatu na kombe likabaki nyumbani. Basi kila mvulana na kila msichana ajaribiwe katika nafasi mbili au tatu mazoezini, kabla ya kubandikwa jina la winga au beki.

Wazazi, nanyi muwe macho. Kwa kawaida, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Anayedai pesa ili ampeleke mtoto wa miaka 16 kusajiliwa Ulaya aulizwe maswali magumu kabla shamba halijauzwa. Cheti cha kuzaliwa nacho kisichezewe, kwani umri wa uongo humnyima nafasi mtoto mwingine na huja kumfuata mwenyewe.

Mwisho, asiyechaguliwa aelezwe sababu. Kijana akiambiwa kwamba mguu wake wa kushoto ni dhaifu, ana kazi ya kufanya hadi msimu ujao. Akiachwa bila neno, huenda asirudi uwanjani tena.