Tone la Damu na Karatasi ya Ridhaa

Leo tutasoma habari ya damu.

Mwaka 1963 shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam. Tangu 2007 inaitwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wanafunzi wa huko hawasomi vitabu tu. Hufanya na utafiti.

Basi mwanafunzi wa namna hiyo akija kukuomba tone la damu, usikimbie ukidhani ni mumiani. Tone hilo hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa darubini. Vijidudu vya malaria vikiwamo, huonekana.

Lakini usikubali upesi. Uliza kwanza: Kibali kiko wapi? Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa 1979, hutoa vibali hivyo. Kisha soma karatasi ya ridhaa neno kwa neno. Ukikataa, usinyimwe matibabu. Ukikubali, waweza kujitoa siku yoyote.

Wazee wetu wengi walitia dole gumba pasipo kujua kilichoandikwa. Wewe sasa wajua kusoma. Soma, ndipo utie sahihi.