Tujue maneno ya sauti na video kabla ya kuamini habari

(Mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wao, Kasenga, Uvira)



Sauti moja ndani ya simu inaweza kufanya familia zifunge mizigo usiku, au jirani amtazame jirani yake kama adui. Kwa hiyo inafaa tujue maneno machache.

Masafa: ni njia ambayo redio hupitia hewani. FM hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Sauti yake ni safi, lakini husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na milima kama hii iliyo nyuma ya Uvira huizuia. Masafa mafupi hurudishwa chini na tabaka la juu la anga, hivyo hufika mbali. Basi redio ikinyamaza, tusiseme mara moja kwamba kituo kimetekwa. Tuangalie kwanza batri, antena na mahali tulipo.

MP3: ni rekodi iliyobanwa. Dakika moja huchukua karibu megabaiti 1. Isiyobanwa, yenye ubora wa CD, huchukua karibu 10. Ndiyo sababu sauti husambaa haraka kuliko video, hata mtandao ukiwa dhaifu.

Montaji: ni kukata na kuunganisha. Mtu akisema, "Sisemi tuwafukuze," fundi akiondoa neno la kwanza, linabaki, "Tuwafukuze." Sauti ni yake kweli, lakini maana si yake. Siku hizi kompyuta inaweza hata kuiga sauti ya kiongozi mnayemjua.

Moja kwa moja: ni kutangaza jambo wakati linatokea. Video nyingi si hivyo. Picha za mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020 zikitumwa leo bila tarehe, watu watakimbia mto ambao haujafurika.

Ndugu zangu, chombo chenyewe hakina kosa. Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM ilichochea mauaji. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ikamtia hatiani mwanzilishi wake mmoja, Ferdinand Nahimana, mwaka 2003. Lakini kwetu Kongo, Radio Okapi ilianza Februari 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita, ikatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa.

Kabla ya kutuma rekodi kwa wengine, tuulize: Nani alirekodi? Lini? Wapi? Mwanzo wake uko wapi? Viongozi, chagueni watu wawili au watatu wa makabila mbalimbali wasikilize pamoja, kisha wampigie simu mtu aliye mahali panapotajwa. Hatari ikionekana kwa macho, okoeni watu kwanza. Lakini ikiwa ni sauti tu ya simu, dakika kumi za kuuliza zinaweza kuokoa ujirani wa miaka mingi.