Wano la Mshale

Sisi tuko Kilindoni, katika kisiwa cha Mafia. Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho jina lake limeanza kusahauliwa, nacho ni wano. Ukimwuliza mwanafunzi, “Wano ni nini?” yamkini hataweza kujibu. Wano ni ule mti wa mshale, tangu penye chembe mpaka penye manyoya. Tena neno hilo hilo ni jina la mti wa chusa cha mvuvi.

Labda mtu atasema, “Watu wa Mafia wana haja gani na mishale?” Ni kweli, kisiwani kwetu hakuna tembo wala simba. Tunao viboko, tunao paa, na nguruwe mwitu wafukuao mihogo yetu. Lakini riziki yetu nyingi hutoka baharini. Hata hivyo, mvuvi ajuaye chusa ni ndugu yake mwindaji ajuaye mshale, na kabla hatujamaliza mtaona sababu yake.

Watu wengi hudhani ya kuwa nguvu za mshale zimo katika upinde, na ukali wake umo katika chembe. Lakini upinde mzuri na chembe kali havifai kitu ikiwa wano ni baya. Mwindaji aachiapo upote, mshale husukumwa kwa nyuma kwa ghafula, na wano hujipinda kama ufito, likapita ubavuni mwa upinde, kisha likajinyosha huku likienda. Wano lililo laini mno kwa upinde wake hujipinda kupita kiasi. Lililo gumu mno halijipindi vya kutosha. Nayo yote mawili hwenda kando. Kwa hiyo fundi hutazama mambo matatu: unyofu, uzito, na ugumu wa kupindika. Tena wano lifaalo upinde wa mtu mzima halifai upinde wa mtoto.

Basi, wazee walitumia vitu gani? Kwanza walitumia matete. Tete ni jepesi, nalo huota likiwa limenyoka, hata kazi ya kulichonga ni ndogo. Aibu yake ni kwamba ndani ni tupu: hupasuka nyuma pale panapoingia upote, na mbele halishiki chembe vizuri. Dawa yake ni kulifunga kwa kano au uzi, na kutia mbele kipande cha mti mgumu. Dawa hiyo ni ya zamani sana. Kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri, aliyekufa miaka zaidi ya 3,300 iliyopita, lilipofunguliwa mwaka 1922, ilikutwa humo mishale mingi ya matete iliyotiwa kipande cha mti mbele.

Pili walitumia fito za miti. Hapa Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao baadhi yao mpaka leo huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mti wao mmoja wa kufanyia pinde na mishale ni mkole. Fundi huchagua chipukizi lililonyoka, hulimenya ganda, kisha hulipasha moto taratibu. Likiisha kupata moto, hulishika kwa meno na mikono, akalinyosha mahali palipopinda, akalitazama kwa jicho moja, akarudia tena na tena. Sisi husema, samaki mkunje angali mbichi. Na ufito nao unyoshe ungali una joto.

Kazi hiyo si ya saa moja. Mwaka 1991, katika milima mirefu ya mpaka wa Austria na Italia, ilionekana maiti ya mtu iliyohifadhiwa na barafu miaka zaidi ya 5,000. Katika podo lake mlikuwa na mishale 14, nayo iliyokwisha kutengenezwa ilikuwa 2 tu. Iliyobaki 12 ilikuwa mawano matupu, hayana chembe wala manyoya. Mtu yule alikufa kwa mshale wa mwenziwe, na podo lake bado lilikuwa lina kazi.

Sasa turudi kwa mvuvi wetu. Chusa kikimpata samaki mkubwa, chuma hubaki mwilini pamoja na kamba, na mti hutoka. Mti ule ungekaa mwilini, ungevunjika, au ungeling'oa lile chuma. Wakamba wa Kenya na Wahadzabe walitumia akili iyo hiyo katika mshale wa sumu. Chembe hutiwa katika kijiti kifupi, na kijiti hicho huchomekwa mbele ya wano bila kufungwa. Mnyama akipigwa na kukimbia vichakani, wano huanguka, na chembe yenye sumu hubaki. Mwindaji huliokota wano lake, akatia kijiti kingine. Chembe ni ya kupotea. Wano ni la kutunzwa. Sumu yenyewe, kama ile ya msunguti, huua mtu upesi kama imwuavyo mnyama, wala hatutaki mtoto yeyote aijaribu.

Pia twapaswa kusema jambo lililo zito. Katika nchi ya Tsavo, nyuma ya Mombasa na Malindi, walikuwako Wawaata, wawindaji wa tembo, ambao pinde zao zilikuwa ngumu hata wanaume wenye nguvu wa makabila mengine walishindwa kuzivuta. Mwaka 1948 nchi ile ilifanywa hifadhi ya wanyama, na katika miaka ya 1950 wengi wao walikamatwa na kufungwa. Hatusemi kwamba tembo hawakustahili kulindwa. Pembe zilikuwa zikinunuliwa na wafanya biashara, na tembo walikuwa wakiisha. Lakini pamoja na uwindaji, elimu nayo ilitiwa gerezani. Baba aliyefungwa kwa sababu ya upinde hakuwa na hamu ya kumfundisha mwanawe ni ufito gani ufaao wano. Sheria ilikataza kuua tembo, haikukataza kujua miti. Lakini yote mawili yalikwenda pamoja.

Ulaya na Marekani nako mawano ya mti yameachwa na wengi. Doug Easton wa California alianza kufanya mishale ya mti mwaka 1922. Akaona taabu ya mti, kwamba hakuna fito mbili zilizo sawa kabisa, na mwaka 1939 akaanza kufanya mawano ya bomba la alumini. Baadaye yakaja ya nyuzi za kaboni. Haya ni mazuri, hayapindwi na unyevu, na yote hulingana. Lakini anunuaye wano dukani hajifunzi mti. Na mzee wa Eyasi aliyelinyosha wano kwa meno yake aujua mti ule tangu ulipoota.

Basi, ninyi wanafunzi, twawaomba jambo moja. Jumamosi hii nendeni kwa mzee mmoja kijijini mwenu, awe mvuvi au mkulima. Mwulizeni kwa adabu mti wa chusa hukatwa wapi, hukatwa lini, hukaushwaje, na jina lake ni nani. Andikeni majibu yake katika daftari, na jina la mti kama alitamkavyo mwenyewe. Hatuwaambii mkawinde, maana sheria yalinda paa na kasa na nguva, na ni haki walindwe. Twawaambia mkaulize tu. Wano likianguka msituni, mwenyewe huweza kurudi akaliokota; lakini jina la mti likianguka pamoja na mzee, hakuna wa kulirudia.