Kuvu ya Majani Mekundu

Katika misitu ya misonobari ya Sweden na Finland huota kichaka kifupi cha lingonberi, cha jamii moja na Erica zinazoota Kilimanjaro juu ya msitu. Baadhi ya majani yake huvimba, yakawa manene na mekundu, huku upande wa chini ukifunikwa na unga mweupe. Mhusika ni kuvu iitwayo Exobasidium vaccinii, ambayo Mrusi Mikhail Woronin aliichambua mwaka 1867.

Kuvu hii haioti uyoga. Hujipenyeza kati ya seli za jani, ikajilisha humo na kuzifanya zitanuke kupita kiasi. Kisha hujitokeza kupitia ngozi ya jani lenyewe na kuachia spora zake zichukuliwe na upepo. Kichaka kwa kawaida hakifi, na mimi huustaajabia sana utaratibu huo.

Lakini ina ndugu mkali zaidi. Exobasidium vexans hushambulia machipukizi ya chai, yaani sehemu ileile inayochumwa. Iliripotiwa Assam, India, mwaka 1868. Mwaka 1946 ikaingia Sri Lanka. Hustawi penye ukungu na unyevu, hali ambayo wakulima wa chai wa Kericho, Kenya, na Mufindi, Tanzania, wanaijua vizuri. Kwa hiyo nawasihi wakaguzi wa mimea mipakani: mche wa chai usiokaguliwa usipite.