Kabla hujarudi nyuma, zunguka gari

(Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni Jumapili iliyopita.)

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya sensa. Si ile ya Agosti 2022, ambapo makarani walipita nyumba kwa nyumba kutuhesabu. Nazungumzia vile vifungo vinne vyeusi unavyoviona siku hizi kwenye bampa la nyuma la gari. Dereva akiingiza gia ya rivasi na nyuma kukawa na kitu, kengele ndogo hulia ti-ti-ti kumwonya. Magari mengi mapya hutoka navyo kiwandani. Sisi tunaonunua gari lililokwisha kutumiwa Japani miaka kumi na zaidi huvinunua dukani, tukavifunga wenyewe au tukampa fundi umeme wa mtaani.

Mimi nilivifunga mwenyewe, na sababu yake si ya kujivunia.

Mwezi Julai hapa Sumbawanga, kama wajuavyo wenyeji, ni mwezi wa baridi, upepo na mahindi. Kila uwanja una turubai, na juu ya turubai kuna mahindi yanayosubiri jua. Asubuhi moja, kioo cha nyuma kikiwa kimejaa ukungu, niliwasha gari, nikatazama vioo vya pembeni, nikaanza kurudi nyuma. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kifipa, akapiga ukelele: "We baba, simama! Mtoto!"

Nikakanyaga breki. Nilipoteremka nilimkuta mjukuu wake wa miaka miwili ameketi chini, hatua moja tu kutoka kwenye bampa, amevaa sweta kubwa la dada yake, anachezea magunzi. Hakuguswa. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kizingiti nikitetemeka mpaka chai ikapoa. Kisha nikamwendea bibi, nikamwamkia na kumwomba radhi. Akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Leo Mungu kasaidia. Kesho je?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka dukani.

Zamani, ndugu msikilizaji, kazi hii ilikuwa ya mtu. Aliitwa utingo. Lori la mahindi lilipokuwa likirudi ghalani, utingo alisimama nyuma, akaligonga bodi kwa kiganja na kuita, "Rudi, rudi, rudi... hapo hapo!" Hata leo, msimu wa kuuza mahindi, utamsikia. Utingo ana macho. Anaona shimo, anaona mtoto, anaona na mlevi aliyelala chini ya mti. Sensa haina macho, ina masikio tu, na hilo tuliweke akilini mpaka mwisho wa mazungumzo haya.

Inafanyaje kazi? Ni kama popo. Kila kifungo hutoa mlio mwembamba wa mitetemo kama 40,000 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Mlio huo hugonga ukuta ukarudi kama mwangwi, na kisanduku kilichofungwa ndani ya buti hupima muda uliopita. Ukuta ukiwa mita moja nyuma yako, sauti huenda na kurudi kwa sehemu sita hivi za elfu ya sekunde. Msomaji mmoja wa Chanji aliniuliza kama mwinuko wetu wa Ufipa, wa mita 1,800 hivi juu ya bahari, hauvurugi hesabu hiyo. Hauvurugi. Kinachobadili mwendo wa sauti ni joto na baridi, na hata asubuhi ya nyuzi tano kosa halifiki sentimita tatu kwa kila mita. Baridi yetu haina hatia.

Sasa kufunga. Kwanza tazama nyuma ya bampa usije ukatoboa penye chuma. Pima kimo: vifungo vikae kati ya sentimita 50 na 70 kutoka ardhini, vikiachana sawasawa. Vikiwa chini mno vitasikia ardhi na kulia bure, na vikiwa juu mno vitapitwa na vitu vifupi. Kama gari lako ni pikapu, pima likiwa na mzigo, maana likijaa magunia huinama nyuma. Bandika selotepu mahali pa kutoboa, anza na tundu dogo, kisha tumia kisumeno cha mviringo kinachokuja na vifaa hivyo, taratibu, bila kukandamiza. Plastiki ikipasuka hairudi. Kila kifungo kina alama ya upande wa juu, iheshimu. Waya zipitishe mbali na bomba la moshi.

Umeme unachukuliwa kwenye taa ya rivasi: waya mwekundu kwenye chanya ya taa, mweusi kwenye bodi. Lakini usikisie. Funga breki ya mkono, weka ufunguo bila kuwasha injini, ingiza rivasi, kisha tumia testa. Mimi nilikisia. Nikaunganisha kwenye taa ya breki, nikaondoka kwenda Laela kwa barabara yetu ya lami, na kila nilipokanyaga breki kengele ikaamka. Nilipofika sokoni Laela, bodaboda waliosimama nyuma yangu walidhani nawapigia honi. Walicheka, na mimi nikacheka. Mwenye lori naye akumbuke kwamba umeme wake ni wa volti 24, wakati vifaa vingi vimetengenezwa kwa gari dogo la volti 12. Avisome kwanza kabla ya kuunguza.

Basi kazi ikaisha, kengele ikalia vizuri mbele ya ukuta, na mke wangu aliposimama nyuma ikamsikia kutoka mita moja na nusu. Nilikuwa tayari kwenda kwa bibi kumwambia kwamba "kesho" imepata jibu. Kabla ya kwenda nikajaribu jambo moja. Nilichukua kigoda, nikakivika sweta la sufu, nikakiweka pale pale alipokuwa ameketi yule mtoto. Kisha nikarudi polepole, mke wangu akiangalia.

Kilipokuwa mbali kidogo, kengele ililia. Nikaendelea kusogea. Kengele ikanyamaza. Kigoda kilikuwa bado pale, tena karibu zaidi, lakini kilikuwa kimeingia chini ya njia ya sauti, na sufu nayo humeza mwangwi kama godoro. Mke wangu akapiga bodi kwa kiganja. Nikasimama.

Ndugu msikilizaji, tafakari ukimya huo. Ukuta hauwezi kukudanganya, maana ukiukaribia kengele hulia moja kwa moja. Mtoto aliyeketi anaweza kukufanya uamini kwamba ameondoka, kumbe amekaribia. Nikajaribu na mtaro ulio mbele ya nyumba. Kimya, maana shimo halina pa kurudishia sauti. Nikapaka vifungo tope jekundu la masika. Kimoja kikalia bila kitu, kingine kikawa kiziwi kabisa.

Kuna hesabu nyingine ndogo. Gari linalorudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, hukata karibu mita moja na nusu kwa sekunde. Sensa huanza kulia penye mita moja na nusu. Maana yake una sekunde moja ya kusikia, kuelewa na kukanyaga breki. Anayerudi kwa kasi huku akitegemea kengele anategemea sekunde ambayo hana.

Haya si ya Sumbawanga peke yake. Mwezi Oktoba 2002, katika jimbo la New York nchini Marekani, daktari mmoja wa watoto alikuwa akirudisha gari nyumbani kwake usiku. Alitazama vioo, akageuka kutazama nyuma. Mwanawe Cameron Gulbransen, wa miaka miwili, alikuwa nyuma ya gari, chini ya upeo wa macho yake. Mtoto alikufa. Baba huyo hakulificha jambo lile. Alilipeleka mbele ya wabunge, na mwaka 2008 ikapitishwa sheria yenye jina la mtoto wake. Wataalamu wa serikali walipima sensa kama hizi zetu, wakakuta kwamba mara nyingi zinashindwa kuwatambua watoto. Ndiyo maana kanuni iliyoanza kutumika kikamilifu Mei 2018 ilidai kila gari dogo jipya nchini humo liwe na kamera inayomwonyesha dereva sehemu ya nyuma. Japani nayo ilianza Mei 2022 kudai vifaa vya kuonyesha au kutambua kilicho nyuma kwa aina mpya za magari.

Sheria hizo ni njema, lakini zinahusu magari mapya. Gari langu lilitengenezwa kabla yake, na huenda na lako pia. Kwa miaka mingi ijayo nyua zetu za Kizwite, Majengo na Katandala zitakuwa na magari yale yale ya zamani, pamoja na watoto wale wale wanaopenda kukaa penye kivuli cha gari na joto la injini.

Je, nakuambia usinunue sensa? La hasha. Yangu bado iko kwenye bampa, na imekwisha kuniokoa na nguzo moja na ukuta mmoja. Inunue, ifunge vizuri, ifute tope kila asubuhi. Mwenye uwezo wa kamera aongeze kamera, naye akumbuke kuifuta. Bali jaribu chombo chako mwenyewe kwa kigoda na sweta, ili ujue kinakomea wapi. Aliyefungiwa na fundi akaambiwa "tayari, bosi" hajui bado.

Nilimrudia bibi na jibu jingine. Tumekubaliana hivi: kabla sijawasha gari nalizunguka lote kwa miguu nikitazama na chini yake. Hatua kama kumi na tano, bila senti moja. Nikishaingia, sirudi nyuma mpaka mtu mzima mmoja amemshika mtoto mkono na kuniitikia. Siku hizi mwenye kuniitikia mara nyingi ni bibi mwenyewe, ameketi penye mahindi yake. Hugonga ndoo mara mbili, kisha huita, "Haya baba, rudi!"